Namna ya Kupiga Picha Korongo la Isimila: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila kiangazi kinapoingia, maswali yale yale hunifikia kutoka kwa vijana wa Iringa, Mafinga na Mbeya wanaotaka kwenda Isimila na kamera kwa mara ya kwanza. Simu inatosha? Niende saa ngapi? Kwa nini nguzo katika picha za mwenzangu zinatisha kwa urefu, ilhali zangu zinafanana na vichuguu? Nimewajibu wengi mmoja mmoja, na sasa nayaweka majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa tayari yuko njiani.

Isimila iko takriban kilomita 20 kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, karibu na barabara kuu iendayo Mbeya. Ni korongo kavu ambalo maji ya mvua yamelichimba katika tabaka za mchanga na udongo zilizoachwa na ziwa la kale, na ndani yake mna vitu viwili vinavyodai upigaji wa aina mbili: zana za mawe zilizolala juu ya ardhi, na nguzo ndefu zilizobaki zimesimama baada ya mmomonyoko kuondoa kila kilichozizunguka. Si jangwa, ingawa mwezi wa Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukirusha vumbi, mgeni anayedhani yuko jangwani hastahili kuchekwa.

Kabla ya jambo lolote, elewa kwamba picha ya mahali pa kale ni kumbukumbu kwanza, urembo baadaye. Mtu ambaye hajafika Isimila anapaswa kuitazama picha yako na kujua kitu alichokiona kina ukubwa gani na kina umbo gani. Ukubwa huonyeshwa na kipimo, umbo huonyeshwa na mwanga unaotoka ubavuni, na karibu kila picha mbaya ya Isimila niliyowahi kuletewa ilikosa kimojawapo.

Vitu vya kuandaa

Simu yenye kamera nzuri inatosha kwa safari ya kwanza, mradi ina nafasi ya kutosha ya kuhifadhi picha na chaji kamili. Ukiwa na kamera, chukua lenzi ya kati, ya milimita 35 hadi 70, na uiache nyumbani ile pana sana unayoionea fahari, kwa sababu nitakazozieleza tukifika kwenye nguzo. Pamoja na hayo, andaa vitu hivi:

- Tripodi nyepesi yenye nyayo za mpira, si za chuma zilizochongoka.
- Betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu iliyo tupu.
- Kipimo cha sentimita 10, ambacho unaweza kukitengeneza kwa kukata kipande cha kadibodi na kukipaka vipande vyeusi na vyeupe vya sentimita moja moja.
- Karatasi nyeupe ngumu ya ukubwa wa A4 na tochi ndogo.
- Kitambaa safi cha lenzi na mfuko wa kitambaa unaotosha kuingiza kamera nzima.
- Daftari na kalamu.
- Maji ya kunywa lita 2, kofia, na viatu ambavyo soli yake haitelezi.
- Sweta, ukienda Juni au Julai. Wenyeji wa Pwani hawaamini mpaka wafike.

Wengi huniuliza kama sarafu inaweza kutumika badala ya kipimo. Sarafu ya shilingi 200 tunaijua sisi leo, lakini atakayeiona picha hiyo akiwa Ufaransa, au hapa hapa Iringa baada ya miaka 50, hataijua. Sentimita hazibadiliki.

Kuhusu msimu, nenda kati ya Juni na Oktoba. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika kipindi hicho njia za korongoni huteleza na nyasi hufunika mengi. Juni na Julai hewa ni safi na anga ni la samawati iliyokolea. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa hulififisha anga, jambo ambalo si baya ukipiga karibu, lakini huharibu picha ya mbali.

Hatua za kazi

1. Anzia getini. Salimia kwa utulivu, na ukijua kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, utaona uso wa mwenyeji wako unavyofunguka. Lipa kiingilio, eleza wazi unataka kupiga nini na kwa matumizi gani, kisha omba mwongozaji ambaye hana haraka. Ukiwa unapiga kwa ajili ya biashara au utafiti, shughulikia kibali siku kadhaa kabla, kwa sababu Isimila inalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukuruhusu kwa maneno. Ndege isiyo na rubani nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo usiitoe kwenye begi ukidhani korongoni hakuna anayekuona. Uliza pia saa za kufungua na kufunga, kwa kuwa mwanga mzuri na saa za ofisi havipatani kila siku.

2. Tembea mzunguko mzima bila kupiga hata picha moja. Hatua hii huwaudhi wote ninaowafundisha, na ndiyo inayowaokoa. Tazama jua liko upande gani, kivuli cha nguzo kinaangukia wapi, ni mahali gani unaweza kusimama kwa usalama, na ni zana zipi zilizo ndani ya kivuli cha banda lililojengwa kuzikinga na zipi zilizo juani. Andika katika daftari.

3. Panga saa zako kwa kufuata jua. Mwezi wa Juni jua la Iringa huchomoza kama saa moja kasoro dakika 10 asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni, lakini korongo lina kingo, na kwa hiyo mwanga hufika chini ukiwa umechelewa na huondoka ukiwa umewahi. Saa zinazofaa ni kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 4 asubuhi, kisha kuanzia saa 9 na nusu hadi saa 11 jioni. Kati ya hapo pumzika kivulini.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa kamera waliosoma vitabu vya ng'ambo hulikosea. Isimila iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi kufikia katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni na Julai jua huchomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi, na kwa sababu hiyo uso wa nguzo unaoelekea kusini haupati jua la moja kwa moja kutwa nzima. Ukiutaka uso huo, usipoteze siku ukiusubiri uwake. Upige ukiwa kivulini, au urudi Desemba kama mvua itakuruhusu. Katikati ya Oktoba jua la mchana hupita karibu kabisa utosini, na picha ya saa 6 mchana ya mwezi huo haina kivuli wala umbo.

4. Piga kwanza picha za mahali pote. Simama mahali palipoinuka, kamera ikiwa sawasawa kama meza, na upige korongo lote kutoka pande mbili zinazotofautiana. Picha hizi hazitapata sifa nyingi, lakini bila hizo hakuna atakayejua nguzo na zana zinahusianaje. Onyo: kingo za korongo ni za udongo uliolegea na nyingine zimeliwa kwa chini, hivyo zinaonekana imara kwa juu huku hazina kitu cha kuzibeba. Kaa hatua tatu nyuma ya ukingo, na usirudi kinyumenyume huku jicho likiwa kwenye kioo cha kamera.

5. Piga zana za mawe. Fanya kazi hii taratibu kuliko zote. Mashoka ya mkono ya Isimila yalichongwa kwa kubandua vibanzi, na kila kibanzi kiliacha kovu lenye kina kidogo. Mwanga wa juu huyafuta makovu hayo yote, na ndiyo maana wengi hurudi na picha za "mawe tu" na kulalamika kwamba walidanganywa.

Usiliguse jiwe. Usiligeuze, usilisogeze penye mwanga, usilifute vumbi, wala usilimwagie maji ili rangi ikolee. Mahali jiwe lilipo ni sehemu ya habari yake, na likishasogezwa habari hiyo imepotea hata kama jiwe limebaki. Mwombe mwongozaji akuonyeshe unapoweza kukanyaga, kisha weka tripodi juu ya njia iliyokwisha kanyagwa.

Elekeza kamera chini moja kwa moja, uso wa lenzi ukiwa sambamba na uso wa jiwe. Weka kipimo kando ya jiwe bila kuligusa, kikiwa katika kimo kile kile cha uso wa jiwe, kwa maana kipimo kilicholala chini sana huonekana kidogo kuliko kilivyo na hulifanya jiwe lionekane kubwa. Kama jua ni la pembeni, panga picha ili mwanga utoke juu kushoto, ambao ndio utaratibu wanaoufuata wanaakiolojia wanapoonyesha zana za mawe. Kama uko chini ya banda, mwambie mwenzako ashike tochi chini kabisa, karibu na ardhi, upande huo huo, na wewe shika karatasi nyeupe upande wa pili ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Inua na ushushe tochi taratibu huku ukitazama jiwe. Kuna mahali ambapo makovu yote hujitokeza ghafla kama mistari ya kiganja, na hapo ndipo unapopiga.

Kwa wenye kamera, tumia ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi la f/8 au f/11, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kwa wenye simu, bonyeza na ushikilie jiwe kwenye kioo mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha punguza mwanga kidogo. Zima flashi. Piga kila jiwe mara mbili, mara moja likiwa na kipimo na mara moja bila.

6. Piga nguzo. Sasa nitajibu lile swali la vichuguu. Anayeanza huisogelea nguzo, huweka lenzi pana, huinua kamera juu, kisha hushangaa kuona nguzo imepungua na kuinama kwa nyuma kama mlevi. Lenzi pana hukisukuma mbali kila kilicho nyuma, na kamera iliyoinuliwa huifanya mistari ya wima ikutane juu. Fanya kinyume chake: rudi nyuma kadiri korongo linavyoruhusu, tumia lenzi ya milimita 50 hadi 70 au ukuzaji wa mara mbili kwenye simu, na ushike kamera sawasawa bila kuiinamisha. Kama kilele kinakatika, geuza kamera isimame au panda mahali pa juu kidogo, badala ya kuinua pua yake.

Kisha weka mtu. Nguzo isiyo na mtu kando yake inaweza kuwa ya mita moja au ya mita kumi, na mtazamaji hana njia ya kujua. Mtu huyo asimame pale pale kwenye usawa wa nguzo, si mbele yake karibu na kamera, kwani hapo picha itadanganya. Avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na udongo; samawati hufaa sana, kaki na kahawia humpoteza kabisa. Asiegemee wala asipande. Nguzo hizi zimesimama kwa sababu tabaka ngumu la juu limekinga udongo laini wa chini, na kiatu kimoja kinaweza kubandua kile ambacho mvua nyingi zimekiacha.

Kwa mwanga, pima kwenye udongo wa nguzo na si kwenye anga. Anga likiwa linang'aa mno, piga picha tatu bila kuihamisha tripodi: moja ya kawaida, moja yenye mwanga uliopunguzwa hatua 2 (EV -2 kwenye kamera), na moja ulioongezwa hatua 2 (EV +2). Mizani ya rangi (white balance) iwekwe kwenye alama ya jua na si kwenye otomatiki, kwa kuwa otomatiki huuona wekundu wa udongo kama kosa na hujaribu kuusahihisha.

7. Kama una muda, piga mfululizo wa kutengenezea umbo la pande tatu kwenye kompyuta. Izunguke nguzo moja kadiri njia inavyoruhusu, ukipiga kila baada ya hatua moja, na kila picha irudie angalau theluthi mbili za ile iliyotangulia. Usibadilishe ukuzaji katikati ya mfululizo.

8. Andika pale pale. Namba ya picha, umesimama wapi, unatazama upande gani, saa ngapi, kipimo ni cha sentimita ngapi. Nilishawahi kujiamini nikapiga alasiri nzima bila daftari, na usiku wake nyumbani sikuweza kutofautisha ukuta wa mashariki na wa magharibi katika nusu ya picha zangu. Ilinibidi nirudi.

9. Jioni hiyo hiyo nakili picha zote sehemu mbili na uziandikie maelezo. Katika maelezo usikisie. Zana za Isimila zilitambuliwa mwaka 1951, uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya Mmarekani F. Clark Howell, na upimaji wa umri kwa madini ya urani, uliotangazwa baadaye, ulitoa takriban miaka 260,000. Nimeona maelezo yanayotaja miaka milioni mbili; hiyo ni hadithi ya Olduvai iliyohamishiwa Iringa bila ruhusa. Wala usiandike kwamba nguzo zilijengwa na watu wa kale, maana hilo nalo huulizwa kila mwaka.

Picha zinapokataa

Rangi ya udongo imetoka kijivu au samawati. Ulipiga kivulini kwa mizani ya otomatiki. Chagua alama ya kivuli na urudie. Kama ulihifadhi faili ghafi (RAW), unaweza kurekebisha nyumbani bila hasara.

Anga limekuwa jeupe kabisa. Ama ulipiga ukilielekea jua, ama ulipiga wakati wa moshi. Katika hali ya kwanza geuka na ulipe jua ubavu wako. Katika hali ya pili liache anga nje ya picha na upige kuta na tabaka zake, ambazo mara nyingi zina mengi zaidi ya kuonyesha.

Anga lina doa jeusi upande mmoja na ni jepesi upande mwingine. Umetumia kichujio cha polaraizi, kile kioo cha kukoleza anga, pamoja na lenzi pana. Kiondoe.

Jiwe linaonekana kama limetoboka ndani badala ya kuinuka. Mwanga ulitoka chini ya picha, na jicho limezoea mwanga wa kutoka juu. Igeuze picha juu chini na utashangaa. Safari nyingine panga mwanga kabla ya kupiga.

Picha zina ukungu ilhali ulitumia tripodi. Upepo wa alasiri ndio mwenye kosa. Fupisha miguu ya tripodi, ning'iniza begi katikati yake, na usiinue ile nguzo yake ya kati.

Kuna kidoa kile kile katika kila picha, mahali pale pale. Vumbi limeingia ndani ya kamera. Lilinikuta mwezi wa Agosti, nilipobadilisha lenzi ukingoni huku upepo ukivuma, na picha zote za siku hiyo zikawa na nukta katika anga. Usilipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni mabaya kuliko vumbi. Safari ijayo badilisha lenzi ndani ya mfuko wa kitambaa, kamera ikitazama chini, mgongo wako ukielekea upepo.

Umemaliza Isimila mapema na unataka kwenda kwenye michoro ya miambani ya Igeleke, upande wa pili wa mji. Mengi ya humu yanafaa huko pia, isipokuwa mwanga wa ubavuni: mchoro ni rangi juu ya mwamba, nao unataka mwanga laini uliosambaa, kwa hiyo subiri wingu au kivuli. Yako makosa mawili ambayo huko hayasameheki, kuulowesha mchoro kwa maji ili uonekane na kuufuatisha kwa chaki. Na kama mwenyeji atakuonyesha michoro mingine isiyo na mlinzi, zima kwanza sehemu ya simu inayohifadhi mahali picha ilipopigwa, ndipo upige.